Tatizo si saa, ni siku: Kiswahili cha programu za kupanga kazi

Soma sentensi hii polepole: "Kazi hii itaendeshwa Ijumaa saa 2:00 usiku baada ya kazi ya kwanza kuisha." Imo katika rasimu ya mwongozo wa Kiswahili ambayo chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniomba niipitie kabla haijagawiwa wafanyakazi wa zamu ya usiku. Jina la chama nitalihifadhi. Kisarufi, sentensi haina dosari. Upatanisho wa kisarufi ni sawa, kitenzi kimetulia mahali pake, na mwalimu wa sekondari angeipa alama zote bila kunyanyua kalamu nyekundu. Hata hivyo, watu wanne waliozaliwa na kukulia katika Kiswahili wanaweza kuisoma na kuamka nyakati nne tofauti, na kila mmoja wao akawa na haki.

Kwa msomaji asiyeishi na mitambo, nieleze kidogo. Kila benki, kila chama cha ushirika, kila chuo kikuu chenye tovuti ya matokeo, kina programu inayopanga kazi za kompyuta: kukokotoa riba, kuingiza malipo ya siku kwenye vitabu, kutuma ujumbe mfupi kwa waliochelewa kulipa, kuweka nakala ya data. Watu wameshalala, mashine ndiyo inayokesha. Programu yenyewe haifanyi kazi hizo. Inachofanya ni kusubiri, kisha kusema "anza". Na husubiri mambo ya aina mbili. La kwanza ni wakati: siku fulani, saa fulani. La pili ni kazi nyingine: fulani amalize ndipo fulani aanze. Wenyewe huliita jambo hili utegemezi, neno ambalo nitalirudia, maana sina ugomvi nalo kama walivyo nao baadhi ya wenzangu.

Turudi kwenye sentensi. Kwa Mkenya wa kawaida, saa mbili usiku ni saa moja hivi baada ya taarifa ya habari ya Kiswahili kuanza kwenye runinga. Kwa hivyo kazi itaanza Ijumaa, 20:00. Huyo ni msomaji wa kwanza. Wa pili ni fundi wa kompyuta. Yeye anaiona tarakimu "2:00", anaona neno "usiku", anajua mashine zinahesabu kuanzia usiku wa manane, basi anaandika 02:00 kwenye safu ya Ijumaa. Kazi itaanza saa kumi na nane mapema kuliko alivyotarajia msomaji wa kwanza, katika tarehe ileile. Wa tatu pia ni mtu wa mitambo na pia ameelewa 02:00, lakini anazungumza kama watu wanavyozungumza: usiku wa Ijumaa kwake ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Anaandika Jumamosi, 02:00. Wa nne ni mzee wa Lamu au Mombasa, ambaye kwake usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa, kwa hesabu yake, umeanza jua lilipotua Alhamisi. Atakuja Alhamisi, 20:00, akute mlango umefungwa.

Kutoka kwa mzee huyu hadi kwa msomaji wa tatu ni saa 30. Saa thelathini, kutokana na maneno matatu na tarakimu tatu!

Mjadala kuhusu saa za Kiswahili na saa za Kizungu umechosha, na sitaki kuufufua wote. Tunajua kwamba sisi tunahesabu kuanzia machweo na macheo, kwamba saa moja ni saa ya kwanza ya mchana au ya usiku, na kwamba karibu na ikweta hesabu hiyo ina mantiki kwa sababu jua halibadilishi tabia yake sana mwaka mzima. Tofauti ni saa sita, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuiondoa kwa kuangalia upande wa pili wa uso wa saa. Ninachotaka kusema ni kwamba tumeshughulikia sana saa, tukaisahau siku. Tofauti ya saa sita ingekuwa hesabu tu kama kila moja ingebaki ndani ya tarehe yake. Haibaki. Ukizisogeza saa kwa sita, baadhi ya nyakati huvuka mpaka wa siku, na mpaka wenyewe hauko mahali pamoja.

Hebu tuuhesabu. Kwa mila ya pwani na kwa kalenda ya Kiislamu, siku hugeuka magharibi. Kwa mashine, hugeuka saa sita usiku. Kwa kinywa cha mtu aliye macho, siku haigeuki mpaka kuche au mpaka alale: mlinzi wa zamu ukimuuliza saa saba usiku atakwambia "leo nimechoka," na hiyo "leo" yake ilianza jana mchana. Kisha kuna mpaka wa nne, ambao wafanyakazi wengi hawauoni kabisa. Seva nyingi hupangiwa saa ya dunia, ile ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa seva hizo tarehe hugeuka saa tisa usiku ya hapa kwetu. Ukiiambia seva ya aina hiyo ifanye kazi Ijumaa saa 22:00, Nairobi itakuwa Jumamosi saa saba usiku.

(Kwa wapenda vioja: mji ambao saa zake za ukutani hulingana tarakimu kwa tarakimu na saa ya Kiswahili ni Buenos Aires, huko Argentina. Nairobi ikiwa saa mbili asubuhi, wao saa yao inaonyesha 2:00. Mtu angeweza, kwa ukaidi tu, kuipangia seva yake majira ya Argentina, naye angepata mashine inayohesabu saa kama nyanya yake, na tarehe inayogeuka alfajiri. Simshauri yeyote.)

Waliopewa jukumu la kuifundisha kompyuta lugha zetu wamefanya kazi ya kusifiwa, na hapa ndipo lawama yangu ya kwanza inapoangukia. Data za lugha zinazotumiwa na simu na kompyuta nyingi duniani hutoka kwa mradi unaoitwa CLDR. Katika jedwali lake la Kiswahili, siku imegawanywa vizuri sana: alfajiri ni kuanzia saa 04:00 hadi 07:00, asubuhi hadi adhuhuri, mchana hadi 16:00, jioni hadi 19:00, kisha usiku hadi alfajiri tena. Aliyeteua maneno hayo anakijua Kiswahili. Lakini jedwali limeyapokea maneno bila kuzipokea saa zake. Programu ikiyatumia, itachukua tarakimu ya Kizungu na kuipachika neno la Kiswahili. Saa 10:00 ya mashine huwa "10:00 asubuhi". Hakuna Mswahili anayesema saa kumi asubuhi, isipokuwa labda kwa maana ya saa kumi alfajiri. Kosa la namna hii angalau hujitangaza. Msikilizaji huguna, kisha hutafuta maana. La hatari ni lile lisilojitangaza. "2:00 usiku" ni Kiswahili safi. "3:00 usiku" pia. "4:00 usiku" hali kadhalika, ingawa kwa jedwali hilo 4:00 ndipo alfajiri inapoingia. Yaani saa zile za usiku mkuu, ambazo ndizo zenye kazi nyingi za mashine, ndizo ambazo tafsiri ina sura halali kabisa na maana ya uongo.

Nimewasikia wanaosema dawa ni kuandika saa 24 tu, kama kwenye tiketi za ndege. Nakubali nusu. Ishirini sifuri sifuri haiwezi kusomwa kwa njia mbili. Sifuri mbili sifuri sifuri nayo pia, mradi sifuri ya mbele isiachwe. Lakini 02:00 haisemi ni ya usiku upi. Msomaji wa pili na wa tatu wote walielewa saa ileile. Waligombana kuhusu siku.

Na siku zenyewe tunazihesabuje? Nambari 5, kwa programu ya cron iliyo ndani ya mifumo ya jamii ya Unix, ni Ijumaa, kwa sababu cron huipa Jumapili sifuri. Kwa programu ya Quartz, inayotumiwa sana na waandishi wa Java, 5 ni Alhamisi, kwa sababu huko Jumapili ni moja. Kwa Kiswahili chetu, tano imo ndani ya jina lenyewe: Jumatano, siku ya tano tangu Jumamosi. Halafu inayofuata Jumatano ni Alhamisi, ambayo asili yake ya Kiarabu nayo ni ya tano, ila imehesabiwa kuanzia Jumapili. Tuna tano mbili zilizoketi bega kwa bega katika wiki moja, na tumeishi nazo karne na karne bila kugombana, kwa sababu hakuna anayelisikia tena neno tano ndani ya Jumatano. Hilo ni jambo la kawaida katika lugha: neno likizoeleka, viungo vyake hufa ganzi. Lakini muulize kijana anayejaza jedwali la cron mara ya kwanza ni nambari gani ya kuwekea Jumatatu. Mwenye masikio atajaribu 3.

Sasa niingie pale ambapo nadhani sarufi yetu ina jambo la kuwafundisha waandishi wa programu, badala ya sisi kuwa wanafunzi siku zote.

Mstari wa cron una nafasi tano za wakati: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya wiki. Mwandishi akitaka kazi ifanyike usiku wa manane Ijumaa inayoangukia tarehe 13, kwa busara ya kawaida ataandika 0 0 13 * 5. Nafasi ya saa na nafasi ya siku huungana: zote sharti zitimie. Nafasi ya mwezi pia. Hivyo angetarajia siku ya mwezi na siku ya wiki ziungane vilevile. Haziungani. Zikijazwa zote mbili, cron huendesha kazi tarehe 13 ya kila mwezi, halafu tena kila Ijumaa. Kazi iliyokusudiwa kufanyika mara moja hadi tatu kwa mwaka hufanyika zaidi ya mara 60. Huu si wadudu wa programu. Umeandikwa hivyo katika maelezo yake rasmi, umo katika viwango vya POSIX, na toleo la cron ambalo Paul Vixie aliliandika mwaka 1987 na ambalo lilienea kila mahali limeudumisha. Quartz iliona balaa ikakataa kabisa: nafasi moja kati ya hizo mbili lazima iwekwe alama ya kuuliza. Programu ya systemd, iliyokuja baadaye, iliamua kinyume cha cron. Huko Ijumaa na 13 vikiandikwa pamoja, sharti vyote viwili vitimie.

Mtafsiri wa rasimu niliyopewa alipofika hapo aliandika: "Kazi itafanyika Ijumaa na tarehe 13." Nilipomuuliza alimaanisha nini, alinijibu, "Si ni hivyo tu, Ijumaa na tarehe kumi na tatu." Hakunielewa, nami sikumlaumu. Kiunganishi "na" kina kazi nyingi mno katika Kiswahili. Kinaorodhesha, kinaandamanisha, kinamtaja mtenda katika kauli ya kutendwa, na hata kinamiliki, kama katika "nina". Katika tungo hii kinaorodhesha: Ijumaa ni moja, tarehe 13 ni nyingine, zote zimo. Kwa bahati njema hiyo ndiyo tafsiri sahihi ya cron. Ila mtafsiri hakuwa amekusudia hiyo. Alikusudia siku moja yenye sifa mbili, na kwa maana hiyo Kiswahili kina chombo kingine kabisa: kihusishi cha a-unganifu. Ijumaa *ya* tarehe 13. Hapo hakuna msemaji wa Kiswahili, msomi au asiye msomi, atakayedhani kwamba unazungumzia siku mbili.

Nilijaribu mifano mingine nikaona kanuni inashika. "Jumatatu na mwanzo wa mwezi" ni orodha. "Jumatatu ya mwanzo wa mwezi" ni makutano. "Usiku na Jumapili" ni nyakati mbili. "Usiku wa Jumapili" ni mmoja, ingawa bado hujaambiwa ni wa upande gani wa Jumapili. A-unganifu hufinya, "na" hupanua. Waingereza wenyewe wana shida hapa kwa sababu neno lao moja la kuunganisha hufanya kazi zote mbili, na nadhani ndiyo sababu watu wa programu waliamua kuachana na maneno wakatumia nafasi tupu na nyota, kisha wakatofautiana kuhusu maana ya nafasi tupu. Sisi tungekuwa tunawaandikia wafanyakazi wetu miongozo kwa lugha ambayo tayari ina tofauti hiyo mdomoni. Badala yake tunatafsiri nyota.

Utegemezi sasa. Wenzangu wawili wamenilalamikia kwamba neno hili linanuka misaada na umaskini, uchumi tegemezi, wategemezi wa marehemu. Wangependa "sharti" au "kiambatisho". Kwangu neno hilo lina ukoo mwingine ulio karibu zaidi. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili amefundishwa kishazi huru na kishazi tegemezi. Kishazi tegemezi hakiwezi kusimama peke yake. Kinangoja kingine kikikamilishe. Kazi ya kompyuta inayongoja nyingine ndivyo ilivyo hasa. Na ukishakubali kwamba tunazungumzia vishazi, swali linakuwa: kishazi hicho kimefungwa kwa mofimu gani?

Rasimu ilitumia "wakati" kila mahali. Wakati kazi ya kwanza imeisha, wakati saa imefika, wakati kuna hitilafu. Huo ni uvivu wa kutafsiri neno kwa neno. Kiswahili kina -po- na kina -ki-, na havifanani. "Kazi ya kwanza itakapoisha, ya pili ianze" inachukulia kwamba ya kwanza itaisha, suala ni lini tu. "Kazi ya kwanza ikiisha, ya pili ianze" inaacha mlango wazi kwamba huenda isiishe. Saa ni ya -po-: saa nane itafika upende usipende. Kazi ni ya -ki-: inaweza kukwama, kufeli, au kutoanza kabisa. Mwongozo unaoandika "itakapofika saa nane, kazi ya kwanza ikiwa imefaulu" umeshamwambia mfanyakazi, kwa viambishi viwili tu, kipi ni cha hakika na kipi ni cha kushukiwa. Na umeshamfungulia swali la tatu: isipokuwa imefaulu, je? Programu nyingi za aina hii husubiri. Saa imepita, sharti la saa limeshatimizwa, limebaki la kazi. Likitimia saa kumi alfajiri, kazi ya pili itaanza saa kumi alfajiri, hata kama siku imegeuka na ratiba ilisema Ijumaa tu. Na "kuisha", nionavyo, ni neno la kuogopwa. Kazi iliyofeli pia imeisha. Kama ni kufaulu, andika kufaulu.

Lakini kiambishi kilichoninyima usingizi ni -me-.

Tunawafundisha wanafunzi kwamba -me- ni hali timilifu: tendo limekamilika na matokeo yake bado yapo. Mtoto amelala, yaani yuko usingizini. Mlango umefungwa, yaani ukienda utaukuta hivyo. Hakisemi lini. Sasa tazama. Tuseme chama kina kazi mbili za kila wiki. Ya kwanza huingiza malipo ya wanachama vitabuni, Ijumaa saa 23:00. Ya pili huwatoza faini waliochelewa, na mkubwa ameagiza kwa mdomo: "Ijumaa usiku, saa sita unusu, ile ya kwanza ikiwa imefaulu." Fundi anaandika siku: Ijumaa. Anaandika saa: 00:30. Anaandika sharti: ya kwanza imefaulu. Kila neno la mkubwa limo. Ila Ijumaa 00:30 ya mashine ni usiku wa kuamkia Ijumaa, saa ishirini na mbili na nusu *kabla* ya malipo kuingizwa. Je, sharti halitaizuia? Halitaizuia. Mashine itauliza: kazi ya kwanza imefaulu? Imefaulu, ndiyo, ilifaulu Ijumaa iliyopita, na tangu hapo haijaendeshwa tena, kwa hivyo hali yake bado ni ile. Mama aliyelipa Jumanne kupitia simu yake, na risiti anayo, atapokea ujumbe wa faini alfajiri ya Ijumaa. Asubuhi fundi ataangalia kioo chake na kukuta kila kitu kina rangi ya kijani. Hakuna kilichofeli. Siku ilikuwa sahihi, saa ilikuwa sahihi, sharti lilikuwa la kweli, na matokeo ni dhuluma.

Nimekaa na mfano huu kwa sababu ndipo yale mambo mawili, wakati na utegemezi, yanapofichiana makosa. Kama kungekuwa na saa peke yake, kosa lingeonekana wiki ya kwanza. Kama kungekuwa na utegemezi peke yake, ya pili ingefuata ya kwanza tu. Vikiwa pamoja, kila kimoja kinaonekana kama mlinzi wa mwenzake, kumbe wote wamelala. Programu ya AutoSys ina kinga ya jambo hili: unaweza kuandika kwamba ufaulu unaotambulika ni ule wa ndani ya saa 12 zilizopita, au muda wowote uutakao. Kwa lugha yetu, umeiambia mashine iache -me- isiyo na tarehe, itumie -li- yenye tarehe: si "imefaulu" bali "ilifaulu jana usiku". Katika rasimu nilikoleza kila "imefaulu" kwa wino, nikaandika pembeni: lini?

Inatia moyo kuona kwamba watengenezaji wa programu nao walishagundua, zamani, kwamba usiku wa manane ni mpaka mbaya. Programu ya kupanga kazi ya IBM, katika matoleo yake ya miaka ya nyuma ilipoitwa Tivoli, ilikuwa na siku yake ya kazi iliyoanza saa 06:00 isipokuwa mwenyewe aibadilishe, na kuishia 05:59 ya siku inayofuata. Saa 06:00! Hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi, sifuri ya saa yetu. Sidhani kuna aliyewaza Kiswahili. Waliwaza tu kwamba kazi za usiku ni za mchana uliotangulia, na kwamba kuzikata katikati kwa sababu kalenda imegeuka ni upuuzi. Control-M nayo huiacha kila taasisi iamue siku mpya ianze saa ngapi, na kila kazi hubeba tarehe ya siku iliyoagiziwa hata ikifanyika kesho yake. Kwa Kiswahili tungesema tofauti hiyo bila jasho: kuna kazi *ya* Ijumaa, na kuna kazi *inayofanyika* Ijumaa. A-unganifu tena! Programu ya Airflow, iliyoanzia kampuni ya Airbnb mwaka 2014, iliteleza hapohapo. Kwa desturi yake ya miaka mingi, kazi ya kila siku iliyohusu Machi 1 ilianza siku hiyo ikishakwisha, yaani Machi 2 imeingia, lakini ilibeba jina la Machi 1. Jina la tarehe hiyo katika programu lilikuwa na maana ya "tarehe ya utekelezaji", ambayo ndiyo tarehe ambayo haikuwa. Waingereza na Wamarekani kwa Kiingereza chao walichanganyikiwa kwa miaka, hadi toleo la 2.2 mwaka 2021 lilipobadilisha jina. Basi tusijione sisi peke yetu ndio tuliolaaniwa.

Niliwaandikia nini wale wa chama? Kwanza, neno "usiku" lisisimame kamwe baada ya jina la siku bila msaada. Kiswahili cha magazeti kimekuwa na suluhisho siku zote: usiku wa kuamkia Jumamosi. Kitenzi "kuamkia" kinafanya kile ambacho hakuna saa ya ukutani inayoweza: kinaonyesha usiku unaelekea wapi. Mzee wa Lamu na kijana wa Kayole wataelewa usiku mmoja. "Mkesha wa Jumamosi" pia ungefaa, ila katika Kenya ya leo mkesha umekuwa wa ibada na matanga na Krismasi, na mfanyakazi anaweza kudhani ameitwa maombi. Pili, siku ya mashine na siku ya mdomo ziandikwe zote mbili, mashine kwanza: Jumamosi 00:30, yaani usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa sita unusu. Ni ndefu, najua. Mhariri wa mwongozo alilalamika kwamba inajaza ukurasa. Nilimwambia aondoe picha ya mwenyekiti.

Tatu, pasiwe na "saa sita usiku" popote penye mwisho wa jambo. Kila Juni tunahimizwa tuwasilishe ripoti za ushuru wa mapato kabla ya tarehe 30 kwisha, na mitaani utasikia "mwisho ni saa sita usiku tarehe 30". Kwa mashine, saa sita usiku tarehe 30 ni 00:00, dakika ya kwanza ya siku hiyo, si ya mwisho. Andika 23:59. Hata asiyejua habari za kompyuta ataona kwamba hiyo ni dakika inayoaga.

Jambo moja halijakubaliwa. Mtafsiri anashikilia kwamba "ikiwa imefaulu" inatosha, kwa sababu, anavyosema, kila mtu anajua inamaanisha ya leo. Nimemrudishia ukurasa huo mara ya tatu, na swali lilelile pembeni.